Mbwa wa Leboo waliobweka bila sauti

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Mnyuzi, wilayani Korogwe. Swaumu Sadala ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya mama yake, tochi ya simu ikimmulika usoni. Anachomoa kijiti chembamba chenye pamba nchani, anainua kidevu na kukisukuma puani mpaka machozi yanamlengalenga. Anahesabu hadi kumi huku akikizungusha polepole, kisha anakitoa na kukitumbukiza kwenye kichupa chenye maji ya rangi ya waridi.

Juu ya kichupa anaandika jina lake mwenyewe.

“Cha kwanza ni changu,” anasema akijifuta macho kwa mgongo wa mkono. “Zamani nilijipima Ijumaa kwa Ijumaa, kwa sababu tu tuliambiwa tujipime. Siku hizi sitoki hapa kwenda kwa mbwa wa mtu kabla sijaanza na mimi.”

Swaumu ana miaka 39 na watoto wawili, na kazi yake ni kuchukua sampuli puani mwa mbwa. Mwaka huu ni wa nne tangu mradi mmoja wa utafiti wa magonjwa ya mifugo uanze kumtuma kwenye maboma ya wafugaji wa Handeni na kwenye vijiji vya Korogwe, kutoka Mashewa hadi huku kwao Mnyuzi. Hulipwa posho ya Sh30,000 kwa siku anayotoka, na kwa mwezi hutoka siku kumi na mbili hivi.

Anachotafuta ni virusi vya mafua ya mbwa. Wakubwa wake wanataka kujua kama vimefika upande huu, na kama vimefika, vina nafasi gani ya kutoka kwa mbwa na kumwingia binadamu. Ni kazi ambayo ukiitaja kijiweni watu hucheka kwanza, halafu mmoja mmoja wanasogeza viti.

Leo hachukui sampuli ya mbwa yeyote. Leo anapeleka majibu kwenye boma la mfugaji aitwaye Leboo, katika nyika ya Handeni, na karatasi ya majibu hayo imemnyima usingizi siku mbili. Akiisoma yote, huenda Leboo akamfukuza, na maboma mengine kumi na matatu yanayomfuata Leboo kwa kila jambo yakamfungia pia. Akiisoma nusu, hakuna atakayejua.

Ila akiisoma nusu, mama yake Leboo, bibi kizee aitwaye Siamanta, ataendelea kuamini kwamba pumzi yake inaua.

*

Mlango wa nyuma wa nyumba hii una ndoo mbili. Moja ina maji, nyingine ina udongo mwekundu uliochekechwa kama unga. Ndoo hizo ni za Bibi Mwatumu, mama mzazi wa Swaumu, mwanamke mfupi mwenye sauti inayofika mtaa wa pili.

“Mbwa akikulamba, unaosha mara saba, na moja ni kwa udongo,” anasema Bibi Mwatumu. “Mimi sikuitunga sheria hiyo. Nilimwambia mwanangu, kazi fanya, lakini humu ndani huingii na mate ya mbwa.”

Kwa hiyo kila jioni Swaumu hurudi, huvua nguo za kazi nje, hujipaka udongo mpaka kwenye viwiko na kuosha mara saba huku mama yake akihesabu kwa sauti. Hata hivyo majirani hawajaridhika. Kwenye shughuli haitwi tena kupika pilau. Anapewa kazi ya kupanga viti.

“Sina kinyongo nao,” anasema. “Kinachonitisha ni mbwa wenyewe.”

Ukitembea naye kwenda barabarani, unaelewa anachosema. Mbwa wa Mnyuzi hawana mwenyewe. Hulala kwenye magunia karibu na reli na humbwekea kila mpita njia, hata anayewalisha. Swaumu anapopita, wananyamaza. Wananyanyuka mmoja baada ya mwingine na kumfuata kwa nyuma, hatua kama ishirini, bila kukaribia wala kuachwa. Asubuhi hii wako sita. Anapovuka reli wanasimama kwenye kokoto, wakamtazama, kisha wakageuka pamoja.

Wasiopenda mambo ya kutisha watasema ni harufu, kwamba nguo zake zimeshika mbwa mia tatu wa nyika nzima na hawa wanazisoma kama gazeti. Yeye mwenyewe husema hivyo pia. Lakini husema bila kugeuka nyuma.

*

Hussein, dereva wa bodaboda mwenye mvi ambaye humbeba safari zote za Handeni, anamsubiri barabarani. Ni safari ya zaidi ya saa mbili. Lami inakwisha, vumbi linaanza, mashamba ya mahindi yanazidi kuwa machache na miti ya miiba inazidi kuwa mingi. Njiani, kwenye vituo vya kupumzika, Swaumu anasimulia yaliyotokea mwezi Juni.

Alifika kwa Leboo kwa mara ya kwanza siku ya Alhamisi. Lilikuwa boma alilolitamani kwa muda mrefu, kwa kuwa lilikuwa na mbwa kumi na mmoja waliolala na mbuzi, wakala na watu na kuzunguka na ng’ombe mpaka kwenye malambo ya mbali. Kama mafua ya mbwa yangepita Handeni, yangepita hapo.

Leboo, mwanamume mrefu wa miaka hamsini na kitu, alimpokea vizuri. “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” alimwambia, akampa kigoda.

Mbwa hawakumpokea hivyo. Walimwona amevaa barakoa na ovaroli nyeupe, wakawaka. Mkubwa wao, dume la kijivu aitwaye Sidai, alikataa kushikwa hata na mwenye boma. Ndipo Siamanta akatoka nyumbani kwake, akaangalia kidogo, akatoa agizo.

“Vua hicho kitu,” alisema akionyesha barakoa. “Mbwa wangu hawamjui mtu asiye na mdomo.”

Swaumu akavua. Sheria za mradi zinakataza, lakini katika nyika ya Handeni sheria za mradi ziko mbali na meno ya mbwa yako karibu. Akapiga magoti, akakikumbatia kichwa cha Sidai kwapani na kumnong’oneza sikioni kwa Kizigua, kama anayembembeleza mtoto. Mbwa akatulia. Kumi waliobaki wakafuata, mmoja mmoja.

Koo lilikuwa likimuwasha. Mwanawe mdogo alikuwa na mafua tangu mwanzo wa wiki, na yeye yalikuwa yamempata juzi yake. Alikohoa mara mbili tatu, akafuta pua kwa kitambaa, akaendelea na kazi.

“Mafua,” anasema, na hapa anatazama pembeni. “Nani anaacha kazi kwa sababu ya mafua?”

Jioni alirudi Mnyuzi, akajipaka udongo, akaosha mara saba.

*

Alhamisi iliyofuata, Leboo alipiga simu. Hakusalimia.

“Njoo,” alisema. “Mbwa wangu wamekuwa bubu.”

Hussein anaikumbuka siku hiyo kuliko anavyopenda. “Unajua boma la Wamasai unavyolikaribia,” anasema. “Mbwa wanakusikia ukiwa bado mbali, wanakuja mbio, wewe unainua miguu juu ya tangi. Siku hiyo tumefika mpaka langoni, kimya. Nikamwambia dada, hawa watu wamehama.”

Hawakuwa wamehama. Mbwa walikuwa wamesimama mstari mmoja mbele ya lango, shingo zimenyooka, mbavu zikipanda na kushuka. Midomo ilikuwa ikifunguka na kufungika. Meno yalionekana, manyoya ya mgongoni yalisimama. Walikuwa wakibweka kwa nguvu zao zote, na hakuna kilichotoka ila pumzi.

“Mbwa kumi na mmoja,” anasema Hussein. “Ni kama mtu ameziba masikio yako. Mimi nimezaliwa Handeni, nimeona mengi. Nilitamani kugeuza.”

Ndani ya boma mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mbwa walikuwa wakikohoa, na kikohozi chao kilifanana na cha watu, kikavu, cha kukatika katikati. Yuditha, mke wa Leboo, alisema mara mbili alikuwa ameitika “pole” akidhani ni mkwewe anayekohoa nje. Kuzunguka ua wa miiba kulikuwa na nyayo za fisi zilizoukaribia ua kuliko miaka yote. Fisi walikuwa wamesikia kimya hicho kabla ya mtu yeyote. Kwa wiki mbili walichukua mbuzi watatu.

Na usiku wa kuamkia siku hiyo jike mmoja alikuwa amezaa watoto watano.

Siamanta ana njia yake na watoto wa mbwa, aliyoipata kwa mama yake. Anayezaliwa dhaifu humweka kiganjani, humfuta pua kwa kidole, kisha humpulizia puani pumzi tatu ndogo. Anasema ameamsha wengi kwa njia hiyo, na Sidai ni mmoja wao. Siku hiyo aliwapulizia wanne. Wa tano alizaliwa na nguvu, hakuhitaji.

Wale wanne walikufa wote kabla ya Jumapili. Wa tano akaishi.

Haikuhitaji mtu mbaya kuanza maneno. Hesabu yenyewe ilikuwa inasema. Aliowapulizia wamekufa, ambaye hakumpulizia anaruka. Na Siamanta alikuwa ndiye anayelala karibu zaidi na mbwa, anayewapa maziwa kwa mkono wake. Wanawake wa maboma ya jirani walianza kupita mbali na nyumba yake.

Kisha likaja lililomuumiza zaidi. Kwa desturi yao, mtoto mchanga huletwa kwa mzee amtemee mate kidogo kwenye paji la uso, ndiyo baraka. Siamanta alikuwa amewabariki watoto wa boma zima, na wa maboma ya pili na ya tatu. Mwishoni mwa Agosti Yuditha alijifungua mtoto wa kike. Siku zikapita, wiki zikapita, na mtoto hakuletwa.

“Hakuna aliyenikataza,” Siamanta alimwambia Swaumu kwenye simu ya Leboo. “Hawamleti tu.”

*

Siku ile ya Juni, Swaumu alichukua sampuli za mbwa wote kumi na mmoja, safari hii akiwa na barakoa na glavu. Alidhani amekipata kile walichokuwa wakikitafuta kwa miaka minne. Leboo naye alidhani hivyo hivyo. Miaka ya nyuma, mbwa mmoja alipopata kichaa kwenye kijiji cha pili, walikuja watu na bunduki wakawapiga mbwa wote, wazima na wagonjwa.

“Majibu yakija,” Leboo alimwambia, “sitaki gari. Uje wewe.”

“Nitakuja mimi,” alijibu Swaumu. “Yawe yoyote, nitayasema kwa mdomo wangu.”

Dk Grasiana, daktari wa mifugo anayeusimamia mradi, anaeleza kwa nini vichupa kumi na kimoja kutoka boma moja viliwakosesha watu wa maabara mapumziko. Anasema mpaka sasa hakuna binadamu aliyethibitishwa kuugua mafua ya mbwa popote duniani, na hatari yake kwa watu inahesabiwa kuwa ndogo. “Lakini ndogo si sifuri,” anasema. “Virusi vya mafua hubadilika. Tunajiuliza kama kirusi kinaweza kushika kwenye koo la mtu, kama watu wana kinga nacho, na kama kikimwingia mmoja kinaweza kwenda kwa wa pili. Majibu ya maswali hayo yanaanzia kwenye pua ya mbwa, na pua ya mbwa inaanzia kwa Swaumu.”

Majibu yalichukua miezi mitatu. Mbwa saba kati ya kumi na mmoja walikuwa na mafua kweli. Hayakuwa mafua ya mbwa. Yalikuwa ya binadamu, yale yale ya msimu yaliyokuwa yakizunguka Korogwe mwezi ule.

Mtu mmoja maabara akakumbuka vichupa vya wafanyakazi, ambavyo hukaa kwenye friza na kwa kawaida hakuna anayevifungua. Akatafuta cha wiki ya safari ya kwanza kwa Leboo, kilichoandikwa Swaumu Sadala, Ijumaa. Walipovisoma vinasaba vya kirusi cha kichupa hicho na cha pua ya Sidai, vilifanana kama ndugu wa tumbo moja.

“Hatuwezi kuapa mahakamani,” anasema Dk Grasiana. “Lakini aliugua Jumanne, akawashika mbwa Alhamisi, mbwa wakaanza kukohoa Jumapili. Wakati huo bomani hakukuwa na mtu mwingine mwenye mafua. Mimi nimeridhika kwamba ni hivyo.”

Kwa sayansi, anasema, hilo nalo ni jibu kubwa. Mbwa mwenye mafua ya mbwa akipokea na mafua ya mtu kwa wakati mmoja, virusi hivyo viwili vinaweza kuchanganyika ndani yake na kutoa kitu ambacho hakuna anayekijua. Kwa hiyo anayepima hatari lazima aipime na njia ya kutoka kwa mtu kwenda kwa mbwa, siyo ya kurudi peke yake.

Alimpigia Swaumu simu akamweleza yote, kisha akamwambia kwa upole kwamba taratibu zinadai mwenye mbwa aambiwe mambo mawili tu: kwamba mafua ya mbwa hayakupatikana, na kwamba mbwa hawana hatari. “Ukisema hayo hujadanganya,” alimwambia. “Yaliyobaki ni hiari yako.”

Swaumu aliikata simu, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa kwenye kigoda kati ya zile ndoo mbili.

“Nilikuwa nimejiona msafi,” anasema. “Miaka minne nilinawa nikirudi. Mara saba, kwa udongo, mama anahesabu. Hata siku moja sikunawa nikienda.”

Bibi Mwatumu alipoambiwa, alitikisa kichwa kwa muda mrefu. “Nyani haoni kundule,” alisema. Kisha akamuuliza binti yake kama amekula.

*

Saa mbili na nusu asubuhi, boma la Leboo linaonekana mbele, duara la miiba kwenye ardhi nyekundu. Hussein anapunguza mwendo na, kwa mazoea, anainua miguu juu ya tangi. Hakuna haja.

Mbwa wamepona tangu Julai. Wanabweka kama zamani, Leboo amethibitisha, na fisi wamerudi mbali. Lakini Swaumu anaposhuka kwenye pikipiki na kuvua kofia ngumu, wote wananyamaza. Hawaji. Wanainuka na kuhama upande wa pili wa zizi, ule upepo unakotoka, wakakaa hapo na kumtazama. Anapozunguka zizi, nao wanazunguka. Wanaweka nafasi ile ile kati yao na yeye, kama waliopimiwa kwa kamba.

“Unaona,” anasema kwa sauti ndogo. “Hawa walijua kabla ya maabara.”

Mmoja tu hakuhama. Sidai amesimama langoni, mzee, kijivu, shingo imenyooka. Anafungua mdomo mara tatu, mbavu zikitikisika, na hakuna sauti. Ya kwake haikurudi. Mwaka huu hawaitarajii kurudi.

Swaumu hajaingia. Anatoa kidumu cha maji na sabuni kwenye mkoba na kunawa pale pale nje ya lango, taratibu, mpaka kwenye viwiko, akavaa barakoa. Yuditha, aliyetoka na mtoto mgongoni, anamtazama kwa mshangao.

“Unanawa kabla ya kutushika?” anauliza.

“Kabla ya kuwashika,” anajibu Swaumu.

Ndani, Siamanta ameketi mbele ya nyumba yake peke yake, fimbo mapajani, macho yamefifia kwa utando.

“Shikamoo, koko,” Swaumu anamwamkia, kwa jina ambalo wajukuu humwita bibi.

“Marahaba, mwanangu. Umekuja na karatasi?”

Leboo anakuja na kuegemea mti wa zizi. Swaumu hakai. Anaitoa karatasi, anaikunjua. Anasoma jambo la kwanza, kwamba mafua ya mbwa hayakupatikana. Leboo anashusha pumzi. Anasoma la pili, kwamba mbwa hawana hatari na hakuna atakayewagusa. Leboo anatabasamu na kuanza kusema kitu.

“Bado,” anasema Swaumu.

Anaikunja karatasi, kwa kuwa yaliyobaki hayahitaji kusomwa. Anawaambia kwamba ugonjwa ule ulikuwa wa watu. Anawaambia siku ile alikuja na mafua, akavua barakoa, akakohoa juu ya mbwa wao. Anawaambia kichupa chake na cha Sidai vimekutwa na kitu kimoja.

“Ni mimi niliyeleta,” anasema. “Mbwa wenu hawakuwa na kosa. Na wewe koko, pumzi yako haina kosa. Wale watoto walipata ugonjwa kwa mama yao, na mama yao aliupata kwa wenzake niliowakoholea. Wewe uliwapulizia waliokuwa wanakufa. Yule mzima hukumpulizia kwa sababu alikuwa mzima.”

Nzi wanasikika kwenye ndoo ya maziwa. Ng’ambo ya zizi, mbwa kumi wamekaa wakitazama.

“Mbuzi watatu,” Leboo anasema hatimaye. Anajitoa kwenye mti na kuondoka kuelekea kwa ng’ombe, bila kumtazama.

Swaumu anabaki amesimama. Machozi yanamtoka waziwazi, na hayafichi. Siamanta amegeuza uso upande wake.

“Nilikusikia,” bibi anasema. Kiswahili chake kinatoka neno kwa neno. “Siku ile. Ulikohoa kwenye sikio la Sidai. Nikamwambia Yuditha, huyu mtoto ana baridi, mchemshie chai ya tangawizi.”

“Ni kweli,” anasema Yuditha. “Nilikuletea kwenye kikombe cha bati.”

“Kwetu mgeni haulizwi ugonjwa wake,” anaendelea bibi. “Na hicho kitu cha mdomoni, mimi ndiye nilikuambia vua. Hilo nalo liandike.”

“Nitaliandika, koko.”

Vidole vya Siamanta vinatembea kwenye fimbo. Kisha anasema jambo kwa Kimasai, fupi, bila kumtazama mtu. Yuditha anasimama palepale, mkono nyuma kwenye mgongo wa mtoto, na ukimtazama unaona wiki tano za hofu zikishindana ndani yake na maneno aliyoyasikia sasa hivi. Anamgeukia Swaumu.

“Hana ugonjwa wowote?” anauliza.

Hapo Swaumu angeweza kusema ndiyo na mambo yakaisha. “Muulize mwenyewe,” anasema. “Mtu yeyote mwenye kikohozi asubiri kipite. Hata mimi. Hata wewe.”

“Sijakohoa tangu mvua zilipokwisha,” anasema Siamanta.

Yuditha anafungua kanga. Anapiga magoti na kumweka mtoto mapajani mwa bibi, juu ya fimbo. Siamanta anampapasa uso kwa kidole, kutoka nyusi moja hadi nyingine, akitafuta paji. Anainama na kumtemea, kidogo sana, na maneno yanayofuata ni marefu na hakuna anayeyatafsiri. Bibi analia akiyasema.

*

Wakati Swaumu anafunga mkoba wake, Leboo anarudi kutoka kwa ng’ombe. Mkononi ana dumu tupu la lita tano na kamba. Anavitupa miguuni pa Swaumu.

“Kile kitu cha shule,” anasema. “Cha kukanyaga maji yatoke.”

Anamaanisha kibuyu chirizi, dumu linaloning’inizwa kwenye mti na kuinamishwa kwa kamba ya mguu ili mtu anawe bila kulishika.

“Utakifunga langoni, upande wa nje,” anasema Leboo. “Ukija tena, unanawa nje. Na mtu wa chanjo, na mnunuzi wa ng’ombe, na mchungaji wa kanisa la Yuditha. Wote nje. Ukiwa na mafua, hata ukinawa, unageuza pikipiki.”

“Na mbuzi?” anauliza Swaumu.

“Mbuzi wameliwa na fisi,” anasema Leboo. “Fisi huwezi kumdai.”

Hussein anatoboa dumu kwa msumari uliopashwa moto. Kibuyu kinakamilika kabla ya saa nne. Swaumu anataka kufunga kingine kama hicho kwenye maboma yote kumi na manne kabla ya mvua za vuli, na amemwomba Dk Grasiana vichupa vya wafanyakazi viwe vinapimwa kila mwezi badala ya kulala kwenye friza. Jibu la hilo bado hajalipata. Kuhusu nyumbani, amepata ushindi mdogo. Bibi Mwatumu amekubali kumhesabia saba za asubuhi pia, ingawa amesema za asubuhi hazina thawabu.

“Lakini ukiniuliza ninachotaka kweli,” anasema, akipanda nyuma ya Hussein, “nataka mbwa hawa wanibwekee. Kama mgeni yeyote, kama mwizi. Siku wakinibwekea nitajua yamekwisha.”

Pikipiki inaondoka. Wakiwa mita mia moja hivi kutoka langoni, Swaumu anamgonga Hussein begani, naye anazima injini.

Wanasikiliza. Kutoka bomani inakuja sauti moja nyembamba, ya kitoto, yenye hasira. Ni yule wa tano, aliyezaliwa mzima. Amekuja mpaka nje ya miiba na anawabwekea, miguu yake ya mbele ikirushwa na kila mbweko.

Kando yake amesimama Sidai. Kila mtoto anapobweka, mzee naye anafungua mdomo, halafu mtoto ananyamaza kidogo na kumtazama, kama anayempisha mkubwa amalize.

Swaumu anasubiri mpaka mzee afunge mdomo.

“Haya,” anasema. “Twende.”